Mashine Tuliyoichora Kabla ya Kuinunua

Mume wangu alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na hakukiamini kitu chochote ambacho hakijapita kwenye karatasi. Alipoamua kujiundia kompyuta yake ya mezani badala ya kununua iliyokwisha kufungwa kiwandani, hakuanza kwa kuulizia madukani. Alianza kwa rula. Alilichora kasha kwa ukubwa wake halisi juu ya karatasi nne alizoziunganisha kwa gundi, kisha akakata maboksi ya biskuti kuwa vipande. Hiki prosesa. Hiki mazabodi, ule ubao mpana ambao vipande vingine vyote hukaa juu yake. Hivi viwili vyembamba, ramu, kumbukumbu ya mashine inapofanya kazi. Hiki kinene cha pembeni, pawasaplai, inayoupokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Mezani kwetu, katika mtaa wa Nengo, maboksi hayo yalisogezwa huku na kule wiki nzima, kama vyumba vya nyumba ambayo mwenyewe hajakubali choo kikae upande gani.

"Mashine ya duka iko kama nyumba ya kupanga," aliniambia. "Hata musumari huwezi pigilia bila ruhusa."

Yeye alikulia Kongo, mimi Tanzania upande wa Kagera, na sote tulirudi huku kwenye nchi ya wazazi wetu, ng'ambo ya mpaka na Goma, kila mmoja na Kiswahili cha alikotoka. Mimi nakifundisha sekondari. Kwa hiyo nilikuwa namsahihisha, naye alikuwa anacheka. "Mama, we unaongea kama habari ya radio. Mi nakusikia tu, siwezi kukujibu."

Lazima niseme sasa jambo ambalo yeye hakuambiwa. Wiki chache kabla ya karatasi zile, daktari alituita mimi na wifi yangu, dada yake mkubwa, akatueleza tukiwa tumesimama kwenye korido kwamba ini la mgonjwa wetu halitapona. Alisema kama kuna jambo tunataka kulifanya pamoja naye, tusilisubirishe mpaka mwaka uishe. Huku kwetu habari ya namna hiyo haipelekwi kwa mgonjwa. Hupelekwa kwa ndugu, nao ndio wanaoibeba. Wifi yangu aliamua kabla hatujafika getini.

"Asijue. Mutu akijua, anaanza kufa mbele ya siku yake."

Nilikubali, na sitaisingizia mila peke yake. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kusema. Tukamwambia kwamba ini limechoka tu na dawa zitalisaidia. Ofisi ilimpa ruhusa ya kupumzika, na katika mapumziko hayo ndipo alipolikumbuka wazo lake la zamani: mashine yake mwenyewe, ya kuchorea nyumba za watu akiwa nyumbani kwake.

Kuchagua vipande kuna utaratibu wake, nami niliujifunza kwa kukaa karibu naye. Unaanza na prosesa, kwa kuwa ndiyo inayofikiri. Kisha unatafuta mazabodi yenye tundu linalolingana nayo, maana zisipolingana hakuna nguvu itakayozipatanisha. Ndipo ramu, diski, feni, na kasha lenye kitambaa cha kuchujia vumbi, kwa sababu lile vumbi jeusi linalovuka kutoka Goma wakati wa kiangazi huua feni upesi. Wifi yangu alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza vitenge, na alijua duka lililokuwa na vipande vizuri. Kwa hiyo sisi tulichagua mezani, yeye akanunua huko.

Kilichoniumiza ni kwamba mume wangu alichagua kila kitu kwa kukiachia nafasi ya kukua. Alitaka mazabodi yenye sehemu nne za ramu, ingawa angenunua mbili. Alitaka kasha lenye mahali pa diski tatu, ingawa angeweka moja. "Nyumba nzuri inachorwa pamoja na chumba ya mutoto mwenye hajazaliwa," alisema, akakipuliza kifutio chake. Nami niliyakubali maboksi matupu moja baada ya jingine, nikitabasamu.

Ikafika siku ya pawasaplai. Ilikuwa saa sita mchana. Wifi alitupigia simu akiwa dukani, nasi tukamweka kwenye spika katikati ya meza.

"Iko mbili hapa," alisema kwa sauti yake ya sokoni. "Moja wati mia ine na makumi tano, ingine mia sita na makumi tano. Sema upesi, huyu mutu anataka kufunga, anaenda kula."

"Ile kubwa, yaya," alijibu mume wangu. Hivyo ndivyo alivyomwita dada yake tangu utotoni. "Mwaka kesho nitaweka karti ya picha yenye nguvu. Na mwaka wenye kufuata, diski ya pili."

"Chukua ndogo," nikasema. "Kubwa ya nini? Kwa miezi hii inatosha."

Sikuisikia kauli yangu mpaka ilipokuwa imekwisha kutoka. Yeye alikuwa ameshika kipande cha boksi cha pawasaplai. Hakuniangalia. Alikiweka mahali pake kwenye mchoro, akakinyoosha kwa ukucha mpaka ukingo ukagusa mstari.

"Allô?" wifi aliita. "Mumelala?"

"Yaya, wacha kwanza. Tutakuita kesho."

Simu ilipokatika alisema, "Miezi hii." Hakuuliza. Aliyatamka tu hayo maneno mawili kama mtu anayesoma vipimo vilivyoandikwa na mwingine. Nikaanza kueleza: nilikuwa na maana ya miezi hii ya mapumziko, mpaka atakaporudi ofisini, mpaka tujue dawa zimefanya nini. Nilieleza kwa muda mrefu. Alinisikiliza kwa adabu ileile aliyokuwa akiwasikilizia wateja wanaotaka kuuhamisha ukuta unaobeba paa.

"Sawa, mama," akasema.

Kesho yake nilirudi kutoka shuleni nikakuta karatasi mpya mezani. Karti ya picha, ile ya kuharakisha michoro yake, aliyoitamani miaka yote, haikuwemo. Alinikalisha, akaniuliza maswali kwa sauti ya kazini kwake. Nikisahihisha insha, kelele ya feni inanisumbua? Macho yangu yanataka kioo cha ukubwa gani? Umeme ukikatika katikati ya kazi, huwa nahifadhi au nasahau? Nilimjibu kwamba huwa nasahau. Akaandika: betri ya akiba. Kisha akaniomba nilinyanyue kreti la soda lililokuwa pembeni, kuona kama naweza peke yangu.

"La nini?"

"Napima kasha," alisema. "Nyanyua tu."

Nilinyanyua. Aliandika kitu, nami sikutaka kukisoma.

Wifi yangu ndiye aliyesema wazi. Alileta vipande vya mwisho ndani ya mfuko wa vitenge, akavikabidhi sebuleni kwa vicheko vingi, kisha akanifuata jikoni na kuufunga mlango.

"Mulamu, wifi yangu, ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi juu ya nini ananituma feni yenye haifanye kelele? Huyu analala karibu na jenereta, hashtuki. Na kasha nyepesi? Yeye anataka nyepesi ya nini?"

"Labda amebadili mawazo."

Alinitazama kwa hasira, macho yamejaa machozi. "We iko na masomo mingi, lakini uongo hujui. Basi jifunze! Kule mbele yake tunacheka. Umesikia? Tunacheka."

Tulitoka tukicheka. Mume wangu naye alicheka, na mpaka leo sijui kati yetu watatu ni nani aliyekuwa akimlinda nani.

Tuliifunga mashine Jumamosi moja, niliporudi kutoka umuganda, kazi za pamoja za mtaa, viatu vyangu vikiwa bado na udongo. Yeye hakuweza kwenda. Wakati huo hata kutoka kitandani mpaka kwenye kiti ilikuwa safari. Aliketi na blanketi magotini, bisibisi mkononi, nami nikangoja aanze. Akanipa mimi ile bisibisi.

"Leo mi mwalimu, we mwanafunzi. Kaa."

Nilifanya kila kitu kwa mikono yangu. Aliniambia dawa ya kupozea prosesa itoke kiasi cha punje moja ya mchele, nikatoa kiasi cha kuku kushiba, akanicheka, nikafuta, nikaanza upya. "Pole pole na iyo skrubu! We si fundi wa pikipiki." Kwa saa mbili hivi nilisahau. Nakiri hivyo: kwa saa mbili nilikuwa na furaha, na yeye alikuwa na rangi usoni.

Nilipobonyeza kitufe, feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Kioo kilibaki cheusi.

"Nimekosea wapi?"

Alikuwa anajua. Nilimwona macho yake yakienda moja kwa moja mahali penye kosa na kurudi kwangu.

"Tafuta," alisema.

"Baba, nionyeshe tu."

"Tafuta, mama. Siku ingine utauliza nani?"

Hakulitamka kwa ukali wala kwa huzuni. Alilisema taratibu, kisha akangoja, mikono juu ya blanketi. Nilikuwa nimempa mgongo, nimeinamia kasha. Nilijua kwamba hangoji nitafute kosa. Nilichotakiwa kufanya ni kugeuka tu, na tungelia pamoja, na zile wiki tulizobakiwa nazo zingekuwa za watu wawili wanaozungumza.

"Nitakuuliza wewe," nikasema. "Nitamuuliza nani mwingine?"

Alilinyoosha blanketi magotini.

"Bon, sawa," akasema.

Kosa lilikuwa kwenye ramu. Sikuwa nimeisukuma mpaka ilie 'ka' kwenye tundu lake. Niliisukuma, ikalia, mashine ikawaka, kimya kabisa kama alivyotaka, hata nikaweka mkono nyuma ya kasha kuhakikisha kwamba inapumua. Alitikisa kichwa kuonyesha kuridhika, akasema amechoka. Nikampeleka kitandani, nikamlaza upande ambao haumuumi.

Nilikuwa bado nalitengeneza shuka simu yangu ilipolia. Wifi. Sauti yake haijawahi kuhitaji spika.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Mungu asifiwe. Na yeye? Hajui kitu?"

Alikuwa amelala hatua moja kutoka niliposimama, macho wazi, akinitazama.

"Hapana," nikasema. "Hajui kitu."

Akafumba macho, polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo ambao mwenzake amekataa kuutua.