Ajuza Aliyeokotwa

Verna Stolpa hakuwahi kununua dukani hata fuvu moja la Halowini, ile sikukuu ya kutishana ya Oktoba, na aliyethubutu kumuuliza mizimu yake ni ya bei gani aliondoka amejutia ulimi wake. Maduka makubwa ya mji wetu hapa Ohio yanauza mifupa ya plastiki inayopita paa la nyumba. Verna akipita mlangoni anasonya. Kutisha watu kwa pesa, husema, hata mjinga anaweza.

Yeye anaokota. Msimu wa taka kubwa ukifika, watu wakatoa makochi na viti vibovu kando ya barabara, Verna huzunguka na pikapu yake kuukuu akichagua na kukataa kama yuko sokoni. Sheria ya kazi hiyo ni moja, na anaishika kuliko Amri Kumi: kilichowekwa kando ya barabara ni cha atakayekiokota, na aliyekitoa hana tena mdomo. Kwa sheria hiyo, mpishi huyu mstaafu wa kantini ya shule alijaza uwanja wake majeneza ya milango mibovu na popo wa miavuli iliyovunjika, na kila Oktoba mtaa mzima ulimzungumzia yeye.

Mwaka jana alimtengeneza Otilia. Alikuwa ajuza aliyekaa kwenye kiti cha bembea, mbavu za waya wa banda la kuku, ngozi ya soksi za nailoni zilizolowekwa gundi, nywele za dekio. Chini ya sketi kulikuwa na mota ya waipa kutoka gari bovu. Ukiiwasha, ajuza anainua kichwa taratibu, anakutazama, kisha anakurukia. Verna alimhangaikia kiangazi kizima, vidole vimevimba kwa baridi yabisi, na moyoni alijua mikono ile haitatengeneza mwingine kama huyu. Ilimuuma sana. Lakini kila alipoutazama uso ule, alitabasamu peke yake.

Tatizo likawa vanishi. Gereji haipati jua na vanishi ilikataa kukauka, basi asubuhi moja akamtoa Otilia, akamweka kwenye nyasi za kando ya barabara, mahali pekee penye jua, akaingia ndani kunywa kahawa. Verna anaweza kusahau siku yake ya kuzaliwa, lakini wiki ya taka kubwa hajawahi kuisahau. Siku hiyo aliisahau. Alipotoka, nyasi zilikuwa tupu.

Jirani yake, mzee Clyde Burdette, alikuwa akikusanya majani makavu kwa reki. Aliona kila kitu.

"Gari la bluu," alisema. "Mwanamke kashuka, kamkumbatia, kampakia. Mi nikajua umemtupa."

"Nimtupe? Clyde, hayo ni macho au vifungo vya shati?"

"Si umemweka kwenye taka mwenyewe! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, mama." Alicheka mpaka akaegemea reki. "Haya, waite polisi."

"Niwaambie nini? Kwamba mtu kaokota?"

Halowini ilikuwa imebaki siku chache. Verna aliingia kwenye pikapu akapita mtaa kwa mtaa, na mwishowe akamwona Otilia kwenye baraza la nyumba ya kijani. Nusura azimie. Walikuwa wamemvisha kofia ya majani na shali ya maua, wakampakatisha bakuli la peremende. Ajuza wake amegeuzwa bibi mpole anayengoja wajukuu! Kuchukuliwa angevumilia. Hilo hapana.

Mwenye nyumba alitoka. Alikuwa Renata Quiñones, nesi aliyehamia mjini majuzi.

"Karibu mama. Umempenda bibi yetu?"

"Umemtoa wapi?"

"Nimemwokota! Hebu fikiria, mtu katupa kitu kama hiki. Huyo lazima ana kichaa."

"Mwenye kichaa ndiye mimi."

Renata alijiziba mdomo. "Jamani! Nisamehe, sikujua. Mchukue mama, nitakusaidia kumpakia sasa hivi."

Ilibaki Verna aitikie tu. Moyo wake wote ulitaka. Lakini ameishi kwa sheria ile maisha yake yote, na hakuwa mtu wa kuivunja siku inapomuuma yeye.

"Wa kando ya barabara ni wa aliyemwokota," alisema. "Huyo ni wako. Ila hiyo kofia unaivua sasa hivi. Na ekstensheni unayo?"

Alipiga magoti akiguna, akavuta waya uliofichwa chini ya sketi, akachomeka, akabonyeza swichi. Otilia akainua kichwa, akamtazama mwenyeji wake, akamrukia. Renata aliruka ngazi zote akaangukia kwenye maboga ya mapambo.

"Mama yangu weee! Kumbe yuko hai!"

"Bakuli liache," Verna alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Usibonyeze wakikutazama. Ngoja mkono uguse peremende, mtu akishajiona salama."

Jioni ya Halowini, watoto wakipita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, Verna alisimama na Clyde getini kwa Renata, katikati ya wazazi. Miaka yote alikuwa akijibana nyuma ya gereji na swichi mkononi, mayowe akiyasikia, nyuso asizione. Sasa aliziona. Jitu zima la sekondari lilikuja limetia mikono mfukoni, likasema, "Doli tu hilo," na muda si muda lilikuwa limevuka ua wa jirani bila peremende.

"Kitu hiki wamenunua wapi?" baba mmoja akauliza.

"Wanunue?" Clyde alimkata jicho. "Katengeneza huyu hapa, jirani yangu."

"Mama Verna!" Renata aliita kutoka dirishani. "Njoo na wewe uchukue peremende!"

Verna alipanda ngazi. Shingoni mwa ajuza aliona mkunjo mmoja usiomridhisha, akainama autazame vizuri, huku mkono ukienda bakulini. Kichwa kikainuka. Waya wote aliuunga yeye, mota aliifunga yeye, na bado Verna Stolpa alipiga yowe lililofika mwisho wa mtaa, akarudi kinyumenyume mpaka akakaa kitako kwenye nyasi.

Clyde alimkimbilia. "Verna! Umeumia?"

Verna alikuwa ameshika kifua, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umemwona, Clyde?" alisema. "Umeona alivyonitisha? Mimi! Mimi niliyemtengeneza!"