Kuku wa Wageni

Baba yangu ni mkarimu kupita kiasi, na ukarimu wake nusura umtie wazimu. Sitii chumvi. Daktari ndiye aliyesema, mimi nimeongeza ukali wa sauti tu.

Anaishi Gulwe, hatua chache kutoka reli aliyoitumikia ujana wake wote. Tangu mama afariki anajipikia mwenyewe, kwa ufundi alioupata kwenye kambi za matengenezo ya njia: ugali mgumu, na mlenda ukipatikana. Kuku anao wengi, ila ukimuuliza atakwambia si wake, ni wa wageni. Mayai ni ya kuatamiwa, ili wageni wasipungukiwe kuku. Karanga nazo amezifunga kwenye kiroba, zinasubiri wageni.

Mgeni mkuu ni mimi, binti yake wa pekee. Nashona sare za shule Kizota, Dodoma mjini, na kila mwisho wa mwezi nilimpelekea sembe, ile nyeupe iliyokobolewa ikakoboleka. Baba aliringa nayo kijiji kizima. Mtama na uwele akavipa kisogo, akidai ni chakula cha wazee wasio na watoto mjini. Nami nikavimba kichwa.

Nikifika, hata shikamoo haijaitikiwa sawasawa, kuku ameshakamatwa. Napika, tunakaa, ananiwekea paja na firigisi. Firigisi! Kwetu hiyo ni haki ya baba mwenye nyumba, wanawake tunaisikia harufu tu. Yeye alichukua shingo na kusema ameshiba. Nami, msomi wa familia, nikala bila kuuliza ameshiba nini.

Ngozi ya shingo yake ikaanza kuwa nyeusi na kubanduka, mduara mzima, kana kwamba amevaa mkufu. Nikamtania kwamba ameanza kujipamba, anatafuta mchumba. Akasema ni jua. Akalalamika kwamba nyayo zinamwaka moto, nikamnunulia ndala laini. Tumbo likamsumbua, nikalaumu maji ya kisima.

Kisha vikaja vituo vya treni. Tangu nikiwa mdogo baba alinifundisha kuvitaja kama watoto wengine wanavyofundishwa kuhesabu: Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Ihumwa, Dodoma. Siku moja akivitaja alitoka Gulwe akarukia Ihumwa, akarudi Godegode, akakwama. Nikacheka, nikamwambia treni yake imeacha njia. Hakucheka. Alinitazama kwa upole, akaniuliza nimetokea wapi, na kama wenyeji wameshanikaribisha.

Niliogopa sana. Mama nilishamzika, na sasa baba alikuwa anaondoka huku amekaa kwenye kiti chake.

Jirani alisema ni uzee, nimwache mzee wa watu apumzike. Sikumwacha. Nilimpeleka hospitali Dodoma, tukapokelewa na daktari kijana aliyempa shikamoo yake kamili, kisha akaitazama ile shingo kwa muda mrefu.

"Mzee, jana umekula nini?"

"Ugali."

"Kwa mboga gani?"

"Chumvi."

"Na juzi?"

"Juzi hakukuwa na mgeni," baba akajibu, akishangaa swali lenyewe.

Daktari akanigeukia mimi. Alisema ugonjwa unaitwa pelagra, mwili umekosa vitamini fulani. Huonekana kwenye ngozi, ukaingia tumboni, ukapanda kwenye mishipa ya fahamu na akili. Huwapata watu wanaoishi kwa ugali wa mahindi peke yake, na sembe ndiyo mbaya zaidi.

"Hiyo sembe anaitoa wapi?"

"Nampelekea mimi," nikasema. Niliona aibu hata nikashindwa kumwangalia baba.

Alipewa vidonge, akaamriwa kula mayai, nyama, maharage na karanga. Vidonge alimeza bila ubishi. Mayai alikataa, maana akiyala, wageni watakula nini? Nikaona huyu mzee atakufa akiwa na banda limejaa kuku. Nikampeleka kwangu Kizota, nikamkalisha kwenye kiti kizuri, nikamwekea paja na firigisi mbele yake.

"Baba, hapa wewe ni mgeni."

Alinitazama, akaitazama sahani. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, akakosa pa kuikatia rufaa. Akala. Akala kesho yake na keshokutwa, na kabla wiki haijaisha aliniita kwa jina langu, ili anilaumu kwamba chai haina sukari. Nililia kwenye beseni la vyombo.

Alikaa kwangu miezi mitatu, mgeni msumbufu kuliko wote niliowahi kupokea, kisha akarudi kwa kuku wake. Nyayo bado zinamwaka jioni, na Igandu humponyoka mara moja moja. Daktari alisema huenda hayo yakabaki.

Mwezi uliopita nilikwenda Gulwe, safari hii na dona na maharage. Kuku akakamatwa kama kawaida, nikapika, na baba akapakua mwenyewe. Paja likaenda kwenye sahani yake. Firigisi ikaenda kwenye sahani yake. Kwangu ikatua shingo.

Nikainua macho. Yeye alikuwa ameshaanza kutafuna.

"Kula, mama," akasema mdomo umejaa. "Kwani wewe ni mgeni hapa?"