Mwanaume Aliyekuwa Mama Brightness

Koikai Sumari alikuwa fundi cherehani wa Kijenge, lakini wengi walimjua kama Mama Brightness, mjane wa Kichaga aliyemwigiza kwenye mchezo wa televisheni. Yeye na wenzake wawili, wote wanaume, walivaa magauni na vilemba wakawa wajane watatu wa nyumba moja ya kupanga, wakilea mtoto waliyemkuta ameachwa mlangoni. Watu walianza kwa kucheka, wakamalizia kwa kulia. Akina mama walimsimamisha sokoni wakamweleza mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua.

Baba yake, mzee wa kanisa kule Ngaramtoni, hakucheka. "Nilizaa mwanaume," alimwambia. "Usikanyage hapa na hiyo midomo ya rangi."

Miaka mitatu Koikai hakufika nyumbani. Mama yake, Namnyaki, alikuwa akienda kwa jirani kila Alhamisi kutazama mchezo.

Kisha kituo cha televisheni kikaamua: wanaume wenye magauni, basi. Mchezo ukakatwa katikati. Wenzake wakahama mji. Koikai akajaribu kuigiza baba mwenye nyumba kwenye mchezo mwingine. Hakuna aliyecheka, wenye mchezo wakamwondoa.

Mwezi wa sita dada yake, Diana, akapiga simu. "Mama amesahau watu. Njoo, baba amekubali."

Alimkuta kitandani. "Shikamoo, yeyo," akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Ni mimi, mwanao. Koikai."

Mama akageukia ukutani. Siku tatu alikataa kula kutoka mkononi mwake. Siku ya nne, uji ukiwa umeanza kupoa, Koikai alijifunga khanga kichwani, akaibana sauti, akaitia lafudhi ya Kichaga. "We mama, mimi ni mpangaji wako hata unisubirishe hivi?"

Namnyaki aligeuka, akacheka. "Mama Brightness! Umepotea sana." Akanywa uji wote.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akatoka kwenda kwa ng'ombe.

Ikawa hivyo kila siku. Mchana mmoja mama akamshika mkono. "Nina mwanangu huko mjini, Koikai. Haji. Hujamwona?"

"Nimemwona."

"Mwambie aje kabla sijafa."

Koikai akavua khanga, akapiga magoti. "Yeyo, nitazame. Nimekuja."

Mama akaanza kulia kwa hofu, akimwita Mama Brightness aje amfukuze huyu mgeni. Koikai akajifunga khanga tena.

"Ameshaondoka," alisema.

Namnyaki alifariki mwezi wa nane, bado akimsubiri mwanawe. Makaburini, mbele ya usharika wote, baba yake, mzee Sumari, alisogea kidogo, akamwachia Koikai nafasi ya kusimama kando yake. Koikai alisimama pale. Aliitamani nafasi ile miaka yote, na sasa hakuhisi kitu.