Risasi Hamsini za Baba Mkwe

Siku yenyewe naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimesimama wima kama askari wa gwaride, kijiko cha baruti mkononi, ndani ya besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi, ya nyumba yetu ya Brooklyn Park, na nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Umekuja na mashine yako bado iko ndani ya boksi, unataka nikufundishe kujitengenezea risasi za ile bunduki kubwa uliyonunua. Nitakufundisha. Lakini kaa kwanza, mashine haitatoroka. Hapa kwangu hakuna mtu anayegusa baruti kabla hajasikia habari za baba mkwe wangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, sina mvi hata moja, nami nilikuwa mjinga wa aina ile inayojiona imeelimika. Mzee Mwakio, baba yake Wakesho mke wangu, alikuwa ametoka Voi na green card yake kuja kukaa nasi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa askari wa wanyamapori, akitembea porini na bunduki yenye risasi nene kama kidole gumba. Mimi kwake nilikuwa yule kijana wa Bungoma aliyemchukua binti yake akampeleka kwenye barafu. Hakuwahi kulisema hilo. Alikuwa akiniangalia usoni, kisha anaangalia viatu vyangu, kisha anaomba chai.

Basi nikaamua kumwonyesha kwamba binti yake ameolewa na mwanamume. Hata kabla hajafika nikanunua bunduki kuukuu ya kupigia dubu, mdomo wake mpana hivi. Wakesho aliiona mezani akaweka mikono kiunoni.

"Baba Shali, uko serious? Baba anafika Friday, hana kitanda, na wewe umenunua bunduki?"

"Kitanda kinakuja."

"Asipokipata atalala juu ya hiyo."

Tatizo, mwanangu, likawa risasi. Miaka ile kulikuwa na kipindi ukiingia dukani rafu za risasi ni tupu kabisa, umebaki wewe na vumbi. Ndipo nikaenda kwa Dale, Mzungu mmoja mtu mzima tuliyefanya naye kazi ghalani kule Shakopee. Dale alikuwa akitengeneza risasi zake mwenyewe tangu ujana. Pia alikuwa anaamini kwamba kwa kuwa nimetoka Afrika, lazima nimeshapiga tembo. Sikumrekebisha. Mnyama mkali kuliko wote niliyewahi kupambana naye ni jogoo wa shangazi yangu, na jogoo alishinda.

Dale alinifundisha kwa Jumamosi tatu. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalirudisha kwenye umbo lake kwa mashine. Unalipachika fataki mpya kitakoni, kile kidude kinachowasha. Unapima baruti kwenye mizani kama kitabu kinavyosema, na unaanza na kipimo cha chini, si cha juu, hata kama una haraka ya kusikia mlio. Unaimimina kwenye ganda kwa faneli. Mwisho unashindilia kichwa cha risasi juu, na hapo umefunga. Ukishafunga huoni tena kilichomo.

"Kwa bunduki kama yako," Dale aliniambia, "ganda ni refu na baruti ya kuanzia ni kidogo. Ukimimina mara mbili haitamwagika, kwa hiyo hutajua. Bunduki ndiyo itakayokuambia, usoni. Zima simu, funga mlango, na kabla hujaweka kichwa hata kimoja, mulika kila ganda kwa tochi. Ukipotea, rudisha baruti yote chupani uanze upya."

"Na mtu akija?"

"Mwambie aondoke."

Hapo nikajua Dale hajawahi kuwa na baba mkwe wa Kiafrika.

Sasa ngoja nikukumbushe adabu tuliyolelewa nayo, maana ninyi mliozaliwa huku mnasalimia wakubwa kwa kuinua kidevu. Baba mkwe akiingia unasimama. Unampa mkono wako wa kulia, wa kushoto ukiushika ule wa kulia. Hukai kabla yake. Akiongea humkatizi, unaitikia. Akicheka unacheka, na unacheka ukimwangalia. Kumwambia "ngoja kidogo, baba," hilo halipo. Bora umwambie mvua ingoje.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimepanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, nimeshaweka fataki, nami nimefika katikati ya kumimina. Mchana tulikuwa na safari ya uwanja wa shabaha, na zawadi yenyewe ilikuwa hiyo: Mzee ashike tena bunduki kubwa, apige risasi zilizotengenezwa na mkwewe. Nikasikia ngazi zinalia. Mzee Mwakio akashuka, amevaa jaketi la baridi na kofia ya sufu, na nje kulikuwa na jua la mwezi wa tano.

Nikasimama.

"Hujambo, kijana."

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Endelea, endelea na kazi yako. Mimi sikusumbui."

Kisha akaanza kunisumbua. Akaanza habari ya tembo mmoja dume aliyewahi kuwafukuza karibu na Mto Tsavo, na ile si habari fupi, kwa sababu tembo mwenyewe hakuwa na haraka. Nami nimesimama, kijiko mkononi. Akasema tena niendelee, kwa hiyo nikawa namimina kimoja, nageuka, "Ndiyo, baba," namimina, nageuka, nacheka, namimina. Nikakumbuka kwamba amesimama. Nikampa kiti changu, nikasogeza kibao ili apate pa kuweka kiwiko, na katika kukisogeza nikakigeuza. Upande uliokuwa mbele ukawa nyuma. Wakesho akaita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari. Mzee akasema, "Twende tukanywe." Baba mkwe huwezi kumwacha anywe chai peke yake. Tukapanda, tukanywa vikombe viwili huku tembo bado anatufukuza, tukashuka.

Nikakiangalia kibao, nisijue nilikuwa nimeanzia wapi.

Mwanangu, tochi ilikuwa mezani. Kumulika maganda hamsini hakuchukui hata dakika mbili. Na hata ningerudisha baruti yote chupani, ingenichukua saa moja tu, na tembo mwenyewe alikuwa ameshachukua zaidi ya hiyo. Lakini Mzee alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, ameshika mikono mgongoni, na akauliza, "Zote ziko sawa?"

Nikasema, "Ziko sawa, baba."

Hapo ndipo nilipojifunga. Nimeshamwambia ziko sawa, sasa nitashikaje tochi mbele yake nianze kuchungulia? Ni kama kumwambia, mwanao ameolewa na mtu asiyejua anachofanya. Nikamimina kwenye yale yaliyoonekana kama matupu, kwa kukisia, nikaanza kufunga. Kila nilipovuta mkono wa mashine na kichwa cha risasi kuzama, niliona nafasi ya kumulika ikizibwa. Mzee akazipanga kwenye boksi mwenyewe, moja moja, akizifuta kwa leso. Na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akaniambia, "Kazi nzuri."

Usinicheke. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka saba.

Uwanja wa shabaha ulikuwa mwendo wa karibu saa nzima kuelekea kaskazini. Mzee njiani aliimba nyimbo za kanisani. Mimi nilikuwa na-drive huku najifariji: labda hakuna iliyorudiwa. Labda iliyorudiwa ni moja, na moja kati ya hamsini si nyingi. Kisha namtazama kwa pembe ya jicho, uso wake wote ule umekunjuka kwa furaha, nafikiria bunduki itakavyofumuka karibu na shavu lake, jasho linanitoka upya. Nikawasha kiyoyozi. Mzee akakizima, akafunga zipu ya jaketi.

Tulipofika alitembea tofauti. Sijui niseme vipi. Mgongo ulinyooka, miaka ikamtoka. Wazungu wawili waliokuwa meza ya jirani waliacha kupiga ili wamtazame akivaa vizibo vya masikio na miwani. Akaikagua bunduki, akaifungua, akaingiza kidole, akanusa. Akachukua risasi ya kwanza kutoka kwenye boksi.

"Baba," nikasema, "niruhusu nianze mimi."

Wallahi nilikuwa na maana hiyo. Nilikuwa nimeamua kama ni uso, na uwe wangu.

Akanigeukia. "Hapa mkubwa ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Basi."

Akaiingiza. Akakaa, akaweka kitako cha bunduki begani, akashusha shavu. Nami adabu yote niliyolelewa nayo ilikuwa inaniambia, usimkatize mzee. Nikaona kidole chake kinaingia mahali pake, taratibu, kama mtu aliyefanya hivyo mara elfu.

"SIMAMA!" nikapiga kelele.

Uwanja mzima ukaacha kupiga. Hata Wazungu waliokuwa hawajui neno hilo walisimama. Nikalinyakua boksi la risasi nikalikumbatia kifuani, sijui nilidhani litatoroka, na nikasikia sauti yangu ikisema kwa Kiswahili mbele ya watu wote: "Baba, nimekudanganya. Sijui kilichomo humu. Nilipotea ulipokuja kunisalimia. Kuna ambayo labda nimemimina mara mbili."

Mzee Mwakio aliondoa kidole. Akafungua bunduki, akaitoa ile risasi, akaishika mbele ya macho yake. Akaisimamisha juu ya meza, nami nikaitia mfukoni. Akavua miwani akaikunja.

"Twende nyumbani," akasema.

Hakuimba njiani. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Wakesho. Nilifika mpaka kupanga nani atabaki na gari.

Tulipoingia alipita jikoni bila kuomba chai, jambo lililomtisha mke wangu kuliko kitu kingine chochote, akashuka moja kwa moja besimenti. Akakaa kwenye kiti changu.

"Fungua," akasema. "Zote. Na mimi hapa sipo."

Kuna nyundo ya plastiki yenye uwazi ndani. Unaingiza risasi, unagonga sakafuni, kichwa kinachomoka na baruti inabaki humo ndani. Nikagonga. Ya kwanza, ile aliyokuwa ameiingiza kwenye bunduki, nikaimwaga kwenye mizani: sawasawa kabisa. Nikataka kufurahi, Mzee akatikisa kichwa. Nikaendelea. Risasi ya tisa haikuwa na baruti hata punje. Ya ishirini na kitu, tupu tena. Magoti yaliniuma, Wakesho alichungulia mara mbili akarudi juu, nami sikusalimia mtu. Zilikuwa zimebaki kama kumi hivi nilipogonga moja, nikamwaga, na baruti ikajaa sahani ya mizani ikafanya kilima.

Tukaiangalia wote wawili.

Mzee aliinama, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasugua. Halafu kile kidole akakiweka polepole shavuni, chini tu ya jicho la kulia, pale hasa shavu lilipokuwa limelala. Nikaanza kulia, mwanangu. Sioni haya kukwambia.

"Heshima yako," akasema, "ilitaka kunitoa jicho."

"Nisamehe, baba."

"Ungeniambia 'ngoja,' ningekasirika mpaka chai. Ungenyamaza pale uwanjani, binti yangu angenizika. Siku nyingine umeshika baruti, hata nikija mimi, niache nisimame."

Kisha mdomo ukaanza kumcheza, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Tangu siku ile hakukuwa na harusi wala kikao cha familia ambapo hakuisimulia. "Wapo wakwe wanaokuua kwa maneno," alikuwa akisema, akininyooshea kidole. "Wangu mimi alitaka kuniua kwa adabu!" Lakini viatu vyangu hakuviangalia tena. Wiki iliyofuata alipiga hamsini zote, na alikaa juu ngazini nilipokuwa nazitengeneza, mlango umefungwa. Ile karatasi unayoiona mlangoni, iliyofifia wino, aliiandika yeye kwa mkono wake: ANAPIMA. ASISALIMIWE NA MTU. Amelala Voi sasa, na macho yake yote mawili alikwenda nayo.

Basi sikiliza, ndipo tufungue hiyo mashine. Kitabu utasoma, mizani utaizoea, mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Ninachokuogopea ni huo ulimi wako mzuri, kwa sababu umelelewa vizuri na unaona haya. Ukipotea, sema umepotea, wakati maganda bado yako wazi. Ukishasema "ziko sawa" na hujui, rudi uufute uongo huo siku hiyohiyo, hata kama wamekaa watu, hata kama tayari umesifiwa kwa ajili yake. Mkubwa atakayekasirika kwa kuambiwa "ngoja" atapoa. Heshima ya kweli ni kumfanya mzee wako aishi.

Mungu akuzidishie utulivu. Akupe mkwe mwenye hadithi ndefu na uzee wenye vidole kumi, na watoto wako wakuone kwa macho yako yote mawili. Haya, zima simu, funga mlango. Na ukisikia mimi nashuka hizo ngazi, usiinuke. Niache nisimame.