Meli Iliyofuata Nyuma

Torgunn Eikeland alijijenga katika mji wa bandari wa Haugesund kwa kununua na kuuza injini kuukuu za mashua, na wanaume waliodhani watamlalia kwa bei walirudi kwao mikono mitupu. Lakini asubuhi ile ya Aprili 1995, ndani ya kivuko cha kwenda kisiwa cha Bømlo, alikuwa akitafuta sababu ya kurudi.

Chama cha mabaharia kilikuwa kimemwomba akusanye habari za Skarvøy, meli ya mizigo aliyofanyia kazi baba yake wakati wa vita, zisomwe kwenye maadhimisho ya miaka hamsini ya amani. Alikubali upesi mno.

Kisiwani alikokulia baba yake, ndugu wawili hawakupanda meli moja, mama asije akapoteza wote kwa mpigo. Ndiyo maana baba yake, Sverre, alikuwa Skarvøy, na kaka yake, Johannes, alikuwa meli nyingine, Torvdal. Nyambizi iliipiga Torvdal katikati ya Atlantiki. Johannes hakurudi. Sverre alirudi, na mpaka anakufa hakulala kitandani. Alisinzia kitini na viatu miguuni, na ukimwita jina ghafla alipiga yowe.

Januari, kwenye makavazi ya Bergen, Torgunn aliona jinsi meli za msafara ule, zilizovuka bahari pamoja siku Torvdal ilipozama, zilivyopangwa. Skarvøy ilikuwa mstari mmoja na Torvdal, nyuma yake tu. Amri ya misafara aliijua: mwenzako akizama, usisimame. Na baba yake ndiye aliyekuwa akishika usukani. Torgunn alifunga faili, akafunga na mdomo.

Ila Leiv, mwana wa Johannes, alisikia kwamba yupo baharia mmoja wa Skarvøy aliye hai, anaishi Bømlo. Sasa Leiv alikuwa amekaa mbele ya Torgunn, anatafuna chapati nene ya kivukoni yenye jibini ya kahawia.

"Dada, mbona huli? Au bei imekutisha?"

"Sina njaa leo."

"Wewe? Tumbo lako linasaga misumari!"

"Turudi, Leiv. Mzee yule atakumbuka nini?"

"Nimelisubiri jambo hili tangu nikiwa tumboni mwa mama. Turudi wapi?"

Nyumbani kwake Bømlo, baharia yule, Mzee Mons Hereid, aliwamiminia kahawa. Leiv hakuzunguka, akamwuliza Torvdal ilipozama waliona nini.

"Taa nyekundu," alisema Mons. "Zile za makoti ya kuokolea. Zimejaa majini, mbele yetu kabisa. Mimi nilikuwa zamu juu pamoja na Sverre. Mmoja akaita, 'Sverre!' Hakusema nisaidie. Jina tu, kama mtu anayebisha hodi kwa nduguye."

"Akafanyaje?"

"Aligeuza usukani. Nahodha akaudaka, akaurudisha. Nyuma yetu ilikuwepo meli ya petroli, mwanangu. Tungekata kona ingetugonga, tuungue sote. Basi Sverre akanyoosha. Tukapita palepale, juu ya taa zile."

Torgunn hakuthubutu kumtazama Leiv. Alisubiri kiti kianguke, alisubiri tusi. Leiv alimshukuru mzee, akavaa koti, akatoka.

Ndani ya gari la Torgunn, kwenye foleni ya kivuko, Leiv alimgeukia.

"Ulijua?"

"Kwamba meli zilifuatana, ndiyo. Tangu Januari."

"Tangu Januari! Na kila Jumapili uko mezani kwangu, unakula samaki wangu, unanitania."

"Niliogopa, Leiv. Sina ndugu mwingine. Nilihofia utanichukia kwa ajili ya baba."

"Baba yako alikuwa na nahodha juu ya kichwa chake. Wewe nani alikushika mkono?"

Leiv alifungua mlango wa gari, akapanda kivuko kwa miguu pamoja na abiria, akapotelea ngazi za juu.

Torgunn aliingiza gari chini, akazima injini. Giza la sitaha ile lilinuka dizeli, na maji yaligonga chuma karibu na miguu yake. Alikaa ameshika usukani wa gari lisilokwenda, macho kwenye ngazi, asijue kama kivuko kikifika ndugu yake atashuka kumfuata, au atakwenda zake kupanda basi.