Hakimu Hajaketi

Karani mstaafu wa mahakama hutazama tamthilia ya kesi akiwa na penseli sikioni na daftari pajani. "Shahidi hajaapa huyo!" hufoka, kidole kikimtoka kama mshale. Jana kisu cha ushahidi kilikuwa na mpini mweusi, leo ni wa kahawia. Tai ya wakili nayo imebadilika rangi katikati ya swali. "Uongo mtupu, mama watoto," humwambia mkewe, kisha hulamba ncha ya penseli na kuandika kosa kwa mwandiko uleule wa madaha alioandikia mashauri miaka thelathini. Lakini kukosa kipindi, hakosi ng'o.

Jioni moja hakimu wa runinga aliingia, na karani, kama kawaida yake, akasimama wima na kikombe chake cha chai. Kabla hakimu hajaketi, likaingia tangazo la sabuni, likafuata la magodoro, kisha la sabuni tena. Karani kasimama tu.

"Keti basi, mzee wangu. Si umesema uongo mtupu?"

"Mchezo ndio uongo. Hakimu ni hakimu, na hajaketi."

Tamthilia iliporudi, hakimu alikuwa ameshatulia kitini, yuko katikati ya hukumu. Karani akamgeukia mkewe kama mtu aliyeporwa mchana kweupe. "Huyu ameketi saa ngapi?" Akachomoa penseli, akaandika kosa la kumi na moja akiwa bado kasimama, maana ruhusa hajapata. Mkewe alicheka hadi machozi, akajifuta, akakaza sauti:

"Mahakama ikae!"

Ndipo akaketi.