Siku Vifaranga Waliponyamaza

Mama aliyenilelea mtoto wangu wa kwanza tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao Bungoma. Mimi ni mtu wa Kapsokwony na kwetu nyanya ana jina lingine, lakini watoto wote aliowatunza walimwita hivyo, nasi mama zao tukafuata. Alikuwa mjane. Mumewe alifanya kazi ya reli hadi akafia Kitale, na yeye akabaki katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko, vyumba viwili na jiko la mabati nje. Hakuwa na kibao mlangoni. Asubuhi ulimpelekea mtoto na chupa ya maziwa na nguo ya kubadilisha, jioni ukamchukua ameshiba na miguu imeoshwa. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Bila Kukhu ningeacha kazi.

Pamoja na watoto wetu, yaani wangu, wa mwalimu mmoja, mapacha wa muuguzi na msichana wa mama mwenye posho mili ya kusagia unga, alikuwa na mjukuu wake, mvulana wa miaka mitatu hivi, mtoto wa binti yake wa pekee. Huyo binti aliuza nguo za mitumba soko la Misikhu, akaja kumwona mwanawe Jumapili alipoweza. Mjukuu alikula walichokula wenzake, akalala kwenye mkeka mmoja nao. Usingejua ni yupi wa nyumba ile kama hukuambiwa.

Vifaranga walikuja mwaka mmoja wa mvua nyingi. Kukhu aliwaagiza kupitia duka la dawa za mifugo, vifaranga wa siku moja, wakaletwa ndani ya katoni yenye matundu ubavuni. Alitaka kuku wa mayai ili kila mtoto apate yai. Akawazungushia kadibodi kwenye kona ya jikoni, akamwaga maranda chini, akaweka kopo la maji lililopinduliwa juu ya sahani, na katikati jiko la makaa lililofunikwa kwa bati la matundu ili wapate joto. Kitale ni baridi, na kifaranga asiye na mama hufa kwa baridi upesi kuliko kwa njaa.

Watoto walichanganyikiwa kwa furaha. Kukhu aliwafundisha kuketi chini kwanza ndipo ampe mtu kifaranga, na kukishika kwa viganja viwili kama mtu anayekinga maji. Mwanangu alikuwa mzito wa kusema, anaonyesha kwa kidole tu. Jioni moja njiani akasema wazi kabisa, "Kifalanga." Alisema kama Kukhu, ambaye kama watu wengi wa kwao aliweka l mahali pa r na r mahali pa l. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Na kelele. Vifaranga wakiwa wazima hawanyamazi. Ukifika kwa Kukhu ilibidi uinue sauti kidogo, na baada ya siku chache sote tulizoea kuongea hivyo, hata hatukujua tunafanya hivyo.

Siku ninayoisimulia mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nitoke mapema, kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa na nilitaka kwenda nyumbani na mtoto. Nilifika kwa Kukhu saa za mchana, nimelowa mabega. Nilimkuta jikoni anachagua maharagwe.

"Wamerara," alisema kabla sijauliza. "Reo wamerara vizuri. Hata sijasikia mtu akiria."

"Basi nimwache kidogo."

"Mwache. Keti kunywa chai, bado iko moto."

Niliketi kwenye kigoda, akanimiminia chai. Aliniuliza hali ya mama, nikamweleza kuhusu kifua chake. Akaniambia nimpelekee asali ya mlimani, nikamwambia asali tunayo, kinachokosekana ni mtu wa kumlazimisha ainywe. Tukacheka. Nilikuwa nimefika karibu nusu ya kikombe. Mpaka leo sijaelewa vile tulivyoketi pale, wanawake wawili wazima, tukinywa chai na kucheka.

Ndipo nikatazama ile kona ya jikoni, nikaona maranda yameloa na matone yanadondoka kutoka kwenye bati. Kadibodi haikuwapo.

"Na vifaranga, umewauza?" nikamuuliza.

"Paa inavuja. Nimewaweka kwa watoto asubuhi, na jiko yao."

"Mbona wamenyamaza?"

Nilisema hivyo bila maana yoyote, kama mtu anavyouliza kwa nini redio imezimwa. Kukhu aliinua uso. Tulisikiliza wote wawili. Mvua ilikuwa imepungua, na kutoka kwenye nyumba ile, hatua chache tu kutoka tulipoketi, hapakutoka sauti hata moja. Ungo ulianguka kutoka mapajani mwake na maharagwe yakatawanyika kwenye tope.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na chini yake Kukhu alikuwa amesukuma gunia kuzuia upepo. Dirisha pia alilifunga na kuliziba kwa blanketi. Alipousukuma mlango, joto lilitupiga usoni. Hapakuwa na moshi. Hilo ndilo lililonichanganya kwanza, kwamba chumba kilikuwa safi, na jiko lilikuwa linawaka vizuri, jekundu, bila moshi. Vifaranga walikuwa wamelala kwenye maranda, shingo zimenyooka, kama vitu vilivyomwagwa. Watoto walikuwa mkekani.

Mwanangu alikuwa karibu na ukuta wa mbali. Niliruka watoto wa watu nikamfikia. Nilipomwinua kichwa chake kilianguka nyuma, na mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyecheza juani. Nikatoka naye mbio mpaka chini ya ukingo wa paa. Nikampiga mgongoni, nikamwita, nikamweka uso kwenye maji yaliyokuwa yakitiririka. Sijui nilimwita mara ngapi. Alitapika, kisha akalia, kilio kidogo kibovu, nami nikaketi kwenye tope.

Ni pale, nikiwa nimeketi, ndipo nilipomwona Kukhu. Alikuwa anaingia na kutoka. Alitoka na mtoto wa mwalimu, akamlaza kwenye gunia. Akarudi, akatoka na wale mapacha wa muuguzi, mmoja kila kwapa. Akarudi. Akatoka na msichana mdogo wa yule mama wa posho mili. Niliinuka kumsaidia lakini sikuweza kumweka mwanangu chini, nikabaki ukutani. Akarudi tena ndani, na safari hii akatoka na mjukuu wake.

Mjukuu alikuwa amelala karibu na mlango. Nilikuwa nimemruka. Kukhu naye alikuwa amempita kila alipoingia, na kila alipotoka.

Majirani walikuja kwa sauti yangu. Wanasema nilikuwa napiga nduru, lakini mimi sikumbuki. Mtu mmoja aliyekuwa na pikapu ya kubebea mahindi akawapakia watoto wote nyuma, akawafunika kwa turubai, tukaenda hospitali. Njiani wengi wao walikuwa wanalia, na hakuna sauti iliyowahi kunipendeza kama hiyo. Mjukuu hakulia. Kukhu alimlaza kifuani, kinywa chake kwenye sikio la mtoto, akimwambia maneno ya lugha yao taratibu, bila kuacha.

Daktari alituambia ni makaa. Alisema makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kwamba tungechelewa kidogo tu angekuwa anatuambia mengine. Aliyasema bila ukali. Nadhani alimwona Kukhu vile alivyokuwa, miguu mitupu, tope mpaka magotini, akaona ukali hauna kazi pale.

Watoto wetu walikaa wakiangaliwa mpaka jioni, tukarudishiwa. Mjukuu alibaki. Alifumbua macho kesho yake, lakini hakumjua mtu. Safari ya kwa mama yangu nikaiacha, nikarudi hospitali kumpelekea Kukhu uji na viatu. Nilimkuta binti yake amefika kutoka Misikhu, ameketi kitandani ameshika mguu wa mwanawe. Sikutaka kuwaingilia, lakini Kukhu alinivuta nikae.

Kisha akamwambia binti yake, mbele yangu, kwa Kiswahili, nafikiri ili nami nisikie. "Huyu wako nirimtoa mwisho."

Binti alimtazama.

"Arikuwa karibu na mlango," Kukhu akaendelea. "Nirimwona. Nikampita."

Sikujua niangalie wapi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Angeweza kunyamaza na hakuna mtu duniani ambaye angejua, isipokuwa mimi, nami nisingesema.

"Kwa nini, mama?" binti aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ware wengine ni wa watu," Kukhu alisema. "Huyu ni wangu."

Binti alimpapasa mtoto mguu. Halafu akasema, "Ningekuwa mimi ningemtoa wa kwanza."

"Najua."

"Hata kama wengine wangekufa."

"Najua, mwanangu. Wewe ni mama yake."

Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi la wagonjwa, uji bado mkononi. Nilikuwa nimeona watoto wamelala kama maiti na nikabaki na akili zangu, lakini maneno yale mawili matatu yalinishinda. Mpaka wakati huo nilikuwa nimejiambia kwamba Kukhu alichanganyikiwa, akabeba yeyote ambaye mkono wake ulimpata. Kumbe alikuwa anachagua.

Mtoto alipona. Siku ya tatu aliomba chapati, na wiki iliyofuata mama yake akamchukua kwenda Misikhu. Hawakugombana, angalau si mbele yetu. Binti alifunga nguo za mwanawe kwenye shuka, akamshukuru mama yake, akaondoka. Kukhu aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi akaanza kufua.

Mjini watu walisema mengi. Mama mmoja wa kanisani alisema vifaranga walibeba kifo cha watoto, kwamba kifo kilikuja kuchukua na kikaridhika nao. Mwingine alisema kuna mtu mwenye wivu. Sisi mama wenyewe tulikutana kwangu siku ya Jumamosi, tukakubaliana kwa hasira kwamba hakuna atakayempeleka mtoto pale tena. Mmoja alitaka kwenda kwa chifu. Mume wangu alitusikiliza mpaka wageni wakaondoka, kisha akaniuliza, "Jumatatu utamwacha wapi?"

Jumatatu nilimbeba mtoto mpaka nyuma ya soko. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nilipokata kona nikamwona mwalimu mlangoni na mwanawe, na nyuma yake muuguzi na mapacha. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kukhu alikuwa ameng'oa dirisha lote, fremu na vioo, akalikalisha ukutani nje, na pale ukutani palibaki tundu kubwa la wazi. Akawapokea watoto mmoja mmoja, akiwafunga sweta vifungo.

Vifaranga wachache walikuwa wamefufuka kwa hewa iliyoingia mlangoni siku ile, wakati sisi hatuwaangalii. Jirani aliwaokota. Kukhu hakuwataka tena, akamwachia.

Katika miaka ya tisini nilihamishiwa Bungoma. Siku moja sokoni nilimnunulia mtoto wangu wa tatu sweta, na mwenye kibanda akanitazama sana. Alikuwa yule binti wa Kukhu, sasa akiuza Bungoma. Alifunga kibanda kabla ya saa yake akanipeleka nyumbani kwake, na Kukhu alikuwa huko, ameketi kwenye kivuli cha nyumba, macho yameingia ukungu. Binti alikuwa amemchukua alipoacha kazi ya kulea. Mjukuu alikuwa mvulana wa sekondari, mrefu, sauti imeshavunjika. Nilipojitambulisha alinisalimia kwa heshima, kisha akasema huku akitabasamu, "Mimi ndiye yule wa mwisho." Kukhu akacheka. Nilishtuka kwamba jambo lile limekuwa mzaha wa nyumba. Nikamgeukia mama yake. Yeye hakucheka. Aliingia ndani kutafuta unga.

Tulikula, tukaongea habari za Kitale, nani amekufa, nani amejenga. Kabla sijaondoka Kukhu alisema nimlete mwanangu amwone. Nilimpeleka Desemba shule zilipofungwa. Mwanangu hakumkumbuka hata kidogo. Alisimama mbele yake akiwa na aibu, mikono mfukoni, mpaka nikamkazia macho akaitoa. Kukhu alimshika mkono akaupapasa mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe sikukubeba," alimwambia. "Hao wengine wote niriwabeba mmoja mmoja. Wewe mama yako arikuja mwenyewe."

Mwanangu alinitazama. Nilikuwa sijawahi kumweleza habari za siku ile. Kukhu alikuwa bado ameushika mkono wake. Akamuuliza anasoma darasa la ngapi, na kama hesabu zinaingia.